Kiporo cha Watu Watatu

Kuku wa hospitali hufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kisu, mara ya pili kwa maji, na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ya kwanza humwondolea uhai tu, ya pili humwondolea ladha. Aliyekuwa akimuua mara hiyo ya pili ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpishi wa wodi za wagonjwa wa moyo na figo, ambako chumvi ilikatazwa, mafuta yalikatazwa, na pilipili haikutajwa hata kwa utani. Kila siku masufuria mawili: kuku chukuchuku na wali wa maji matupu. Wagonjwa wakampa jina la Dada Chapwa. Hakununa. Jina alilolitolea jasho lake mwenyewe angelikataa vipi?

Kile kilichobaki sufuriani, ambacho hakikufika kwenye sahani ya mgonjwa, wapishi waliruhusiwa kwenda nacho. Wenzake walikikimbia. Yeye alijaza bakuli lake la plastiki lenye mfuniko wa buluu, na ilipofika saa nane mchana alivua aproni akaenda nyumbani, ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko, ambako baba yake alikuwa akimsubiri. Au tuseme alikuwa hamsubiri. Alikuwa amekaa tu mbele ya cherehani yake, na mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo.

Huyo baba watu walimwita Fundi, na alistahili. Miaka arobaini amewashonea watu nguo, na sasa aliyebaki wa kushonewa ni yeye mwenyewe. Tangu mkewe afariki, miezi minane nyuma, Fundi alikuwa ameipunguza kiuno suruali yake ya kijivu mara nne. Hakulalamika, hakuomba msaada. Aliivua, akaiweka mezani, akachora kwa chaki, akaingiza mshono ndani kidogo, akaivaa tena. Binti yake aliona zile alama za chaki akajua kwamba anaonyeshwa kifo kikija kwa vipimo.

Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: baba asipokula atakufa, na baba akifa hakuna mwingine. Hakuwa na mume wala mtoto. Alichokuwa nacho ni yule mzee aliyekonda na bakuli la wali usio na chumvi.

Kosa la kwanza lilikuwa lake. Kwa miezi minane alikipasha moto tu kile kiporo, akakipakua, akakiweka mbele ya baba yake. Mzee alichukua kijiko, akasogeza punje huku na huko, akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba." Ameshiba nini, Mungu ndiye ajuaye.

Marehemu mama yake asingethubutu kufanya hivyo. Mama alikuwa akisema kiporo hakipashwi moto, kiporo kinaamshwa. Mla mla leo, mla jana kala nini, alipenda kusema, huku akivunjavunja wali wa baridi kwa vidole vilivyolowa maji mpaka kila punje inasimama peke yake. Kuku alimchambua kwa kufuata nyuzi za nyama, si kumkatakata. Kitunguu kilikaangwa taratibu hadi kiwe rangi ya ngozi ya mkanda, ndipo kitunguu saumu, ndipo tangawizi, na nyanya mwisho. Mtu angeapa kwamba kuku yule amechinjwa asubuhi.

Na chumvi. Chumvi ndiyo iliyokuwa na mambo yake. Mama hakuitia kwa kijiko. Alichota kwa vidole vitatu kutoka kwenye mkebe wa bati, na kila alipochota alimtaja mlaji. "Hii ya Fundi. Hii ya mwanangu. Hii ya mama." Michoto mitatu, watu watatu. Mgeni akibisha hodi chakula kimeshaiva, mama alirudi jikoni akaongeza wa nne. Chumvi isiyo na mwenyewe inawasha ulimi tu, alisema, haimshibishi mtu. Tena alisema mwenye chumvi yake sufuriani lazima aje ale. Mara moja Fundi alikuwa ameaga kwenda kumpima mteja wa mbali, naye mama kwa kusahau akamchotea. Kabla wali haujapoa, Fundi huyo mlangoni na begi lake; basi limemwacha. Walicheka siku nzima, wakasema mama kamvuta mumewe kwa chumvi.

Siku ya Alhamisi moja Dada Chapwa alipita sokoni akitoka kazini. Alikuwa amechoka kushindwa na sahani. Alinunua vitunguu, nyanya tatu zilizoiva sana, tangawizi, limau na kifungu cha majani ya giligilani, akapanda ngazi, akafunga aproni yake ya nyumbani na kuanza kufanya yale aliyoyaona kwa miaka yote akiwa amesimama kando na kisu cha kumenyea. Mikono ilijua kuliko yeye. Wali ukavunjika vizuri, kitunguu kikaiva rangi ile ile. Alipofika kwenye chumvi akachota bila kufikiri, kama alivyosikia tangu utotoni. "Hii ya Fundi. Hii ya mwanangu. Hii ya mama."

Alisimama na vidole vyake juu ya sufuria. Mazoea yana taabu. Chumvi ilikuwa imeshaingia, na chumvi haiokotwi, kwa hiyo alikoroga, akakamua limau, akapakua. Aliona ni uchungu tu wa mtu aliyefiwa, akajifuta macho na kusingizia kitunguu.

Fundi alikula kijiko cha kwanza. Alikula cha pili. Kisha akavuta sahani karibu na kifua, akala bila kuinua kichwa mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini, akaomba tena.

"Hiki sasa ni chakula," alisema. "Hiki kina mkono."

Binti yake alikwenda kusimama jikoni, akashika ukingo wa sinki na kulia kwa furaha. Kisha akakwangua ukoko uliobaki sufuriani kwa mwiko na kuula pale pale amesimama, kama alivyozoea. Hakuona cha ajabu isipokuwa kimoja: alipakua sahani moja, mzee akaongezwa nusu, naye kala ukoko, lakini sufuria iliyokuwa ya watu watatu ilikuwa tupu.

Ijumaa alifanya vile vile, ila safari hii alijichunga. Mifupa ya kuku aliichemsha na pilipili manga na limau ikawa supu, wali akaurudisha humo ndani, na chumvi akachota mara mbili. Ya Fundi, ya mwanangu, basi. Mzee alionja akaweka kijiko chini. "Asante mwanangu, nimeshiba." Jumamosi akaponda wali kwa yai na majani ya kitunguu, akaviringa vidonge, akavikaanga mpaka vikatoa gamba. Nyama ya kuku ilikuwa katikati, na chumvi ilikuwa mara tatu, kila mchoto na jina lake. Mzee alikula vidonge saba.

Hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza. Dada Chapwa alijiuliza, tena akajijibu, na jibu lake lilikuwa kwamba baba anakula. Mtoto anayemwona mzazi wake akitafuna baada ya miezi minane haulizi ladha imetoka wapi. Jumapili akachota mara tatu kwa kusudi, akaita jina la mama kwa sauti, na hakulia tena.

Zilifuata wiki tatu za neema. Kuku yule yule, wali ule ule, na kila siku kitu kipya: leo na maziwa ya nazi na bizari, kesho na karoti na njegere kwenye mafuta moto, keshokutwa kuku amekaushwa kikaangoni na pilipili na asali kidogo, wali kando umekolea hiliki. Wagonjwa kule wodini waliendelea kunung'unika. Nyumbani mzee aliomba tena na tena. Alianza hata kuandaa meza mwenyewe. Siku ya kwanza binti yake alipoona ameweka sahani tatu, alidhani amekosea hesabu, akairudisha ya tatu kabatini. Alipotoka jikoni na sufuria aliikuta imerudi mezani, na baba yake anaifuta kwa kitambaa.

"Wacha," alisema mzee. "Haina ubaya."

Yeye akaacha. Sahani zikawa tatu. Yake ilipoa kila siku maana alikuwa akila jikoni amesimama, na ile ya upande wa dirisha hakuipakulia kitu. Lakini alipokuja kuosha vyombo hata ile ya dirishani ilikuwa imelika, na mifupa ilipangwa ukingoni mmoja mmoja, midogo kwanza. Baba yake hakuwahi kupanga mifupa maishani mwake. Aliyekuwa akipanga alikuwa mmoja tu.

Chini yao aliishi msusi aliyesuka watu sebuleni kwake, mwanamke mchangamfu mwenye masikio mazuri. Siku moja alimsimamisha Dada Chapwa kwenye ngazi.

"Dada, hongereni. Naona mzee amepata nafuu."

"Tunashukuru."

"Asubuhi ukishatoka wanapiga soga hao mpaka wateja wangu wananiuliza. Huyo mama mgeni wenu anacheka vizuri. Ni shangazi yako?"

Dada Chapwa alimwangalia. Aliweza kusema hatuna mgeni, na angeanzisha maneno yasiyo na mwisho. "Ni ndugu," alisema, akapanda ngazi zilizobaki amelibana bakuli kifuani.

Siku hiyo Fundi alikuwa akishona. Sauti ya cherehani ilimpokea mlangoni, na akafurahi, maana alijua mtu aliyekula wiki tatu namna ile lazima sasa anafumua kiuno cha suruali. Alikaribia kuangalia. Kwenye kiti palikuwa na suruali ya kijivu, na alama za chaki zilikuwa mpya: imepunguzwa tena, mara ya tano, mara ya sita. Nguo iliyokuwa chini ya sindano haikuwa suruali. Lilikuwa gauni la zambarau la mama yake, lile la kutokea, na mzee alikuwa amefumua mishono ya ubavuni pande zote mbili na kutoa nafasi.

"Baba, unafanya nini?"

"Linambana." Hakuinua macho. "Mama yako amenenepa. Alipokuja mara ya kwanza lilikuwa linamwelea. Kule alikuwa hali kitu, masikini. Sasa angalia, vidole vinne vyote nimeongeza."

Alitazama mikono ya baba yake ikisukuma kitambaa. Ilikuwa mifupa na ngozi. Sahani zote zile, vijiko vyote vile, vidonge saba, na mkono haukuongezeka hata kidogo. Alielewa. Alikuwa akimlisha mtu kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Anasema nini, baba, akija?"

"Mambo yetu ya kawaida." Mzee alikata uzi kwa meno. "Anasema kule chumba ni kikubwa mno kwa mtu mmoja."

Siku iliyofuata, Dada Chapwa alichota mara mbili. Alikaanga kila kitu kama mama, akaweka kila kiungo, akazidisha na limau, na kwenye chumvi akasema kwa sauti, "Hii ya Fundi. Hii ya mwanangu," kisha akafunga mkebe na kuuweka juu ya kabati.

Mzee alionja. Hakukasirika. Aliweka kijiko chini, akatazama kile kiti cha dirishani kilichokuwa kitupu kweli kweli leo, halafu akamtazama binti yake.

"Umemsahau mtu."

"Sikumsahau, baba. Nimemwacha makusudi."

"Unamnyima mama yako chakula?"

"Nakutaka wewe." Alimsogezea sahani. "Anakumaliza. Anakula wewe unaisha. Mimi ndiye niliyemwita, nilikosea, nikaona unakula, nikaendelea. Sasa basi. Nisamehe, lakini basi."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati, na kila pigo lilisikika mpaka ndani ya sahani.

"Kabla hujamwita nilikuwa nanenepa?" aliuliza Fundi.

Binti yake alifuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Nilikuwa naenda nikiwa na njaa. Sasa naenda nimeshiba. Hiyo ndiyo tofauti uliyoifanya, nami nakushukuru." Alisogeza kiti. "Unamwogopa mama yako bure. Mama yako hana haraka. Kinachonitia wasiwasi mimi ni wewe."

"Mimi nina nini?"

"Unakula lini? Nimekaa hapa namhesabia kila mtu vijiko. Unapika, unachota chumvi, unajitaja, halafu unakwenda kukwangua sufuria umesimama kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Chumvi yako iko sufuriani tangu ulipozaliwa, na wewe mwenyewe hujaja kula." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Keti basi."

"Sina njaa, baba."

"Haya," alisema Fundi. "Tuko sawa."

Asubuhi aliondoka mapema. Baba yake alikuwa bado kalala ubavu, uso ukutani, naye hakutaka kumwamsha. Kwenye friji aliacha kiporo cha kazini alichokibakiza jana, kuku na wali kama vilivyo, havina kitu. Kazini aliunguza sufuria moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, na mwenzake akamtania kwamba angalau leo wali utakuwa na ladha ya moshi. Hakucheka. Siku nzima alikuwa akipanga: atampeleka mzee akaonwe na daktari, atamwomba muuguzi mkuu kitanda. Atauficha ule mkebe, au autupe kabisa.

Alipofika kwenye ngazi, msusi alitoa kichwa mlangoni, kitana mkononi.

"Leo mmenitesa. Harufu hiyo imeshuka mpaka huku, mteja wangu ameshindwa kukaa. Mzee anapika?"

"Baba hajawahi kupika."

"Basi leo kaanza. Nimewasikia sasa hivi, hata robo saa haijapita. Mama anamfundisha. 'Ivunje kwa vidole, loweka vidole kwanza.' Mzee anamwambia mimi ni fundi wa vitambaa. Wanacheka. Halafu nikamsikia mzee peke yake, anasema, 'Hii ya mwanangu.'"

"Halafu akasema nini?"

"Hakusema zaidi. Hiyo moja tu. Wakaosha vyombo."

Alipanda ngazi polepole, kwa kuwa alikuwa ameshajua, na mtu aliyejua hana haraka ya kuona. Jikoni sakafu ilikuwa imelowa. Maganda ya kitunguu yalikusanywa rundo moja safi, mkebe wa chumvi ulikuwa wazi juu ya meza. Kwenye kichanja cha vyombo sahani mbili zilikuwa zimesimamishwa, zimeoshwa, zinadondosha maji. Ya tatu ilikuwa mezani sebuleni, mahali pake, imefunikwa kwa sahani nyingine isipoe, kijiko pembeni, kiti kimevutwa nyuma kidogo.

Fundi alikuwa kitandani vile vile alivyomwacha, ubavu, uso ukutani. Aliugusa mkono wake. Dada Chapwa amefanya kazi hospitali miaka kumi na tisa, na ingawa ni ya jikoni, mambo hayo anayajua: ule ubaridi haukuwa wa robo saa. Ulikuwa wa tangu asubuhi, pengine wa kabla hajafunga mlango kwenda kazini. Aliinusa mikono ya baba yake. Ilikuwa na kitunguu saumu na tangawizi, na chini ya kucha kulikuwa na punje moja ya wali.

Kwenye cherehani gauni halikuwapo. Sindano ilikuwa imeinuliwa, uzi umekatwa.

Alijua yapasayo kufanywa: kumwita msusi, kupiga simu, kuwapa habari jamaa. Atafanya yote hayo. Kwanza alirudi mezani na kufunua sahani. Mvuke ulimpanda usoni. Wali ulikuwa umevunjwa vibaya, na madonge bado yamo, kuku amechambuliwa kwa kukosea nyuzi, na vitunguu upande mmoja vimeungua. Palionekana wazi kwamba ni kazi ya mtu asiyejua kupika aliyesimamiwa na mtu anayejua.

Aliketi. Alikula akilia, kijiko baada ya kijiko, mpaka maua ya chini yakaonekana. Mifupa aliipanga ukingoni, midogo kwanza. Chumvi ilikuwa ya mtu mmoja tu, nayo ilimtosha.